Duka Limejaa Kanga na Vitenge, Wanunuzi Hawasimami: Jinsi ya Kutafuta Kasoro katika Mpangilio

Mwenye duka la vitambaa anapoona mauzo yamepungua, mara nyingi hushusha kila kitu kutoka kwenye rafu na kukipanga upya. Kazi hiyo humaliza siku mbili na kumwacha asijue kama kasoro ilikuwa kwenye mwanga, kwenye mkunjo wa kanga, kwenye mahali kaunta ilipowekwa, au haikuwa kwenye mpangilio hata kidogo. Mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile mnunuzi anachofanya au anachoacha kufanya, kisha unarudi nyuma hadi kwenye sababu. Umeandikwa kwa kufikiria maduka yanayofanana na yale ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Biashara Street, Mombasa: chumba chembamba, upande mmoja tu unaotazama barabara, rafu zinazopanda hadi karibu na dari, na bidhaa ambayo mtu hainunui mpaka aione kwa macho na kuipapasa kwa vidole.

Kabla ya kuhamisha hata jora moja, vuka barabara usimame upande wa pili kwa nusu saa, asubuhi saa tatu, mchana saa saba na jioni saa kumi na moja. Uwe na daftari lenye safu tano: waliopita, waliogeuza kichwa, walioingia, walioshika kitambaa, na walionunua. Mahali ambapo hesabu inaanguka ghafla ndipo kasoro ilipo. Kama wapita njia ni wengi na wanaogeuza kichwa ni wachache, shughulika na uso wa duka. Kama wengi wanageuka lakini hawaingii, tazama mlango na mwanga. Kama wanaingia na hawashiki kitu, tatizo liko kwenye rafu na mikunjo. Linganisha Jumanne na Jumanne, Jumamosi na Jumamosi, wala usilinganishe siku za kuelekea Idi na siku za kawaida, au mwisho wa mwezi, watu walipopokea mishahara, na katikati ya mwezi. Badilisha jambo moja tu, uliache wiki nzima, kisha uhesabu tena. Anayebadilisha mambo manne kwa mpigo hatajua lipi lilimsaidia.

Wapita njia wanageuza kichwa, lakini hawaingii

Sababu ya kawaida ni giza, na mwenye duka ndiye wa mwisho kuliona kwa sababu macho yake yamekwisha kulizoea. Mtu anayetembea juani saa saba mchana amezungukwa na mwanga mkali mara mia kadhaa kuliko ule wa chumba chenye tyubulaiti mbili, na jicho lake halifunguki mara moja. Kwake yeye, duka lako ni shimo jeusi lenye nguo mlangoni. Ukisimama ng'ambo ya barabara na usiweze kutofautisha rangi za vitambaa vilivyo kwenye ukuta wa nyuma, umekwisha kupata jibu.

Usianze kwa kuongeza taa katikati ya dari, maana taa hiyo huangaza sakafu na vichwa vya watu. Elekeza taa mbili au tatu kwenye ukuta wa nyuma, upake ukuta huo rangi nyeupe au ya maziwa, kisha utundike pale vitenge vyenye rangi za njano, chungwa na nyeupe. Ukuta wa nyuma unaong'aa humvuta mtu ndani kwa sababu anaona anakokwenda.

Sababu ya pili ni mlango wenyewe. Wauzaji wengi hutundika madera, kanga na vitenge kwenye kizingiti cha juu mpaka mteja alazimike kuinama au kusukuma nguo kwa mkono ili apite. Nia ni kuonyesha wingi, lakini anachokiona mpita njia ni pazia. Vitundike pembeni mwa mlango, kushoto na kulia, na uache katikati pawe wazi kwa upana wa watu wawili waliobeba mizigo. Kilichoning'inia nje kisizidi sampuli sita au saba, na zibadilishwe mara kwa mara kwa sababu vumbi la barabara huzichosha haraka.

Wanaingia hatua mbili, wanatazama, wanatoka

Hapa tazama kaunta. Katika maduka ya zamani kaunta ilikatiza chumba karibu na mlango, muuzaji akawa nyuma yake na bidhaa nyuma ya muuzaji. Mpangilio huo una faida zake, hasa ulinzi, na sisemi kila mtu auvunje. Lakini mwenye kuuchagua akubali kwamba ukuta ulio nyuma ya muuzaji ndio onyesho lake lote, na kwamba mnunuzi atauona akiwa umbali wa mita mbili au tatu bila kugusa. Ukuta wa namna hiyo hauwezi kubeba mikunjo midogo iliyobanana. Unahitaji vitambaa vichache vilivyofunuliwa kikamilifu, na juu ya kaunta kuwe na sampuli za kushikwa.

Kama kaunta iko nyuma au pembeni na bado watu wanaishia mlangoni, pima njia. Njia ya sentimita 60 humtosha mtu mmoja anayetembea, lakini haimtoshi mtu aliyeinama kuchagua huku mwingine akimpita kwa nyuma. Katika duka kubwa la Bloomingdale's mjini New York, watafiti waliowatazama wanunuzi kwa kamera waliona kwamba mtu aliyesimama kwenye kitundikio cha tai karibu na mlango, akipigwa kikumbo mara moja au mbili na wapita njia, aliiacha tai na kuondoka, hata kama alikuwa ameipenda. Mwanamke aliyevaa baibui, mwenye mkoba begani na mtoto mkononi, uvumilivu wake utakuwa mdogo zaidi. Acha sentimita 90 mahali ambapo watu wanasimama kuchagua, hata ikibidi kuondoa meza moja.

Wanauliza kitu ambacho kipo mbele ya macho yao

Mteja anaingia na kuuliza, "Samahani dada, mna ile kanga ya 'Nani kama mama'?" Muuzaji anavuta doti kutoka rafu ya tatu, ambayo mteja amekuwa akiitazama dakika nzima. Hii ndiyo dalili ninayoipa uzito kuliko zote katika duka la kanga. Hainihuzunishi kwa sababu ya mauzo tu, bali pia kwa sababu kanga iliyokunjwa hivyo imenyamazishwa.

Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa sehemu ya chini ya mji, juu ya pindo. Wapo wanaonunua kwa rangi, lakini wengi huchagua kwa jina, kwa kuwa kanga hupelekewa mama, mke, wifi, jirani au biharusi, na maneno yake yatasomwa na watu. Ajabu ni kwamba mkunjo uliozoeleka huonyesha pindo na kipande cha mji, huku jina likifichwa ndani. Mteja anabaki na ukuta wa mapindo yanayofanana.

Kasoro inaweza kuwa katika namna tatu, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni mkunjo wa rafuni. Doti hutoka kiwandani ikiwa vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban mita moja na nusu na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja. Ikunje kwanza pale itakapokatwa, ili kipande kimoja kilale juu ya kingine, kisha rudisha ncha za kushoto na kulia nyuma ili katikati, penye jina, pabaki usoni. Ukimaliza, kunja sehemu ya juu kwenda nyuma ili pindo la chini na jina vibaki mbele. Jina fupi litaonekana lote. Jina refu halitaenea katika rafu nyembamba, na hapo usiridhike na nusu yake: "Japo sipati" peke yake ni lalamiko, ilhali "Japo sipati tamaa sikati" ni msimamo wa mtu. Andika jina kamili kwenye kadi, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua tatu, ubandike kadi hiyo kwenye ukingo wa rafu chini ya doti husika.

Ya pili ni kutundika kwa urefu. Maneno ya kanga hukimbia sambamba na urefu wa kitambaa, kwa hiyo doti ikiangikwa kwenye fimbo ili ishuke kwa urefu wake, jina husimama wima na msomaji hulazimika kulaza shingo. Tumia waya au kamba iliyokazwa kutoka ukuta hadi ukuta, ukunje doti katikati, kisha uibane kwa vibanio kwenye ukingo wake mrefu wa juu. Inachukua nafasi kubwa zaidi, ndiyo, na kwa hiyo zitundikwe chache: toleo jipya, kisutu kwa ajili ya harusi, na mbili au tatu zinazoulizwa sana wiki hiyo. Hakikisha pia jina liko upande wa chini. Nimeona duka lenye kanga nzuri sana, zote zimetundikwa kichwa chini, na hakuna aliyekuwa amegundua, kwa sababu wote pale walizijua kwa rangi.

Ya tatu ni kupanga kwa rangi tupu. Rangi hufanya kazi kwa mbali, kwa hiyo kuta zinazoonekana kutoka barabarani zipangwe kwa rangi. Karibu na kaunta, mahali ambapo mtu anasimama na kusoma, napendekeza kanga zipangwe kwa shughuli: za harusi pamoja, za kumtunza mama pamoja, za mapenzi, za shukrani, na zile za kujibishana na majirani, ambazo mnunuzi mara nyingi huona haya kuziulizia kwa sauti mbele za watu. Huyo wa mwisho hasa ndiye anayehitaji kuona bila kuuliza.

Rangi inapendeza dukani, nje inakuwa nyingine

Mteja anatoka na kitambaa hadi barazani, anakigeuza juani, anarudi na kukiacha. Kosa si lake. Balbu nyingi zinazouzwa kama "mwanga wa mchana" zina namba 6500K kwenye boksi, ambayo ni kipimo cha rangi ya mwanga, na mwanga wake huelekea ubuluu. Pia kuna kipimo kinachoandikwa kwa herufi Ra, ambacho kilele chake ni 100, kinachoeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Taa yenye Ra ya chini ya 80 huua hasa rangi nyekundu. Chukua kisutu, ambacho ni chekundu, cheusi na cheupe, ukitazame chini ya taa zako kisha barazani kivulini. Kama nyekundu ya ndani ni ya kahawia au imepauka, badilisha balbu, uchague za 4000K zenye Ra ya 90 au zaidi kwa zile zinazomulika vitambaa. Za stoo zinaweza kubaki zilivyo.

Wakati mwingine taa haina kosa, na kitambaa chenyewe hakina kosa, ila kimewekwa na jirani mbaya. Jambo hili liliwahi kuchunguzwa na mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1824 alikabidhiwa usimamizi wa utiaji rangi katika Gobelins, kiwanda cha kufuma vitambaa vya kupamba kuta mjini Paris. Palikuwa na malalamiko kwamba nyeusi ya kiwanda ilikuwa dhaifu ilipotumiwa kwa vivuli katika mafumo ya bluu na zambarau. Alilinganisha sufu yake nyeusi na ya watengenezaji wengine, akakuta haina upungufu wowote. Udhaifu ulitokana na rangi zilizokaa kando yake, kwa kuwa jicho huitazama kila rangi kwa kuilinganisha na iliyo jirani.

Katika duka la vitambaa hali hiyo huonekana kila siku. Kanga ya rangi ya maziwa ikiwekwa kando ya nyeupe safi huonekana chafu. Njano iliyopoa huzimwa na njano kali, lakini huchangamka ikikaa karibu na zambarau. Nyekundu na kijani zenye nguvu sawa zikigusana huyachosha macho hata mtu asitake kuendelea kutazama. Kama kitambaa kizuri hakiuziki, kihamishe mahali kabla ya kukishusha bei. Kati ya kundi moja la rangi na jingine, weka kitu kilichotulia: kaniki, kitambaa cheupe kisicho na maua, au hata nafasi tupu ya shubiri mbili. Wengi huona nafasi tupu kama hasara ya kodi, nami naona bila hiyo mauzo ya vitambaa vya pande zake yanapungua.

Wanafunua, wanafunua, na hawanunui

Ikifika saa sita meza imekuwa rundo, na muuzaji amechoka kukunja. Mnunuzi anayefunua anatafuta taarifa ambayo mpangilio haukumpa. Kwa kanga, ni jina. Kwa kitenge, ni mambo mawili: ua lote lina ukubwa gani, na kitambaa kitamtosha kwa mshono anaoutaka. Kitenge huuzwa mara nyingi kwa yadi 6, ambazo ni karibu mita tano na nusu, na ua kubwa likikunjwa katika kipande cha shubiri moja huonekana kama madoa tu. Kwa kila ua, tundika kipande kimoja kikiwa wazi, angalau yadi moja, na chini yake weka rundo la vilivyokunjwa. Rundo lisizidi vipande kumi, kwa sababu anayetaka cha chini atavivuruga vyote, na mwenye haya hatathubutu kukiomba.

Swali la mshono hujibiwa na mdoli, iwapo umevishwa kwa akili. Mdoli uliofungwa kitenge kwa pini mgongoni unaonyesha ua tu. Mpe fundi wa jirani kitambaa ashone gauni au suti ya kweli, uivishe, kisha uweke kadi inayosema zimetumika yadi ngapi na kitambaa kilichobaki dukani ni kipi. Mteja ambaye alikuwa akikadiria kwa wasiwasi ataondoka amekwisha kuamua. Mshono uwe wa watu wanaoingia dukani kwako. Kama wengi wao huvaa mavazi ya stara, mdoli wenye gauni la mabega wazi unawaambia duka hili si lao. Usiuache mdoli na vazi moja zaidi ya wiki mbili, maana wanaopita kila siku huacha kuuona.

Vitambaa vya dirishani vimefifia

Tazama mstari: kama kilichofifia ni ukingo wa mkunjo na ndani kuna rangi yake, jua ndilo lililokula. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale inayofifisha. Iliyobaki, pamoja na mwanga wenyewe, huendelea na kazi. Mwelekeo wa duka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi huja mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huhamia kusini. Duka linalotazama kaskazini basi lina hatari katika miezi ya katikati ya mwaka, na linalotazama kusini karibu na Desemba. Duka linalotazama magharibi lina hatari mwaka mzima kuanzia saa tisa alasiri, na ndilo linalohitaji kivuli cha turubai au mkeka wa kushusha. Penye jua la moja kwa moja weka sampuli ambayo umekwisha kuihesabu kuwa gharama, wala si doti za kuuza, na uzungushe nyingine kila wiki.

Kama madoa ni ya rangi ya kijivu na yana harufu, hilo si jua bali unyevu, ambao katika miji ya pwani hupenya kutoka ukutani. Sogeza rafu sentimita tano mbali na ukuta, na usiweke jora lolote sakafuni bila chaga.

Rafu za chini hazisogei

Sababu ni moja: watu hawainami. Kitu kinachohitaji kutazamwa kikae kati ya kiuno na macho, takriban sentimita 80 hadi 150 kutoka sakafuni. Chini weka akiba ya vilivyo juu, au vitu ambavyo mtu huviomba kwa jina bila kuvichagua, kama vile kaniki na kitambaa cheupe cha sanda.

Kila kitu kimerekebishwa na mauzo ni yale yale

Rudi kwenye daftari. Kama wanaoingia wameongezeka, wanashika, wanauliza bei, na wanaondoka baada ya kuisikia, mpangilio umefanya kazi yake na kasoro iko kwingine. Inawezekana bei imepita ya jirani, au unawatajia wanunuzi wa jumla bei ya rejareja. Inawezekana toleo ulilolitundika kwa fahari limekwisha kuvaliwa mtaani miezi mitatu, au kilichotundikwa hakipo tena stoo na muuzaji anawapa watu kitu "kinachofanana nacho". Katika hali hiyo acha rafu zilivyo. Kwa wiki moja, kila mara mteja anapotaja jina la kanga, rangi au ua ambalo hamna, liandikwe hapo hapo kabla hajavuka mlango, na orodha hiyo ndiyo iende kwa muuzaji wako wa jumla siku ya kuagiza.